Kuni za Isecheno: mgao wa faida katika Msitu wa Kakamega

Msitu wa Kakamega unadaiwa na watu wengi kwa wakati mmoja. Kina mama wa jamii ya Isukha wanataka kuni, wenye ng'ombe wanataka malisho, waganga wanataka magome na mizizi, mafundi wanataka mbao, watafiti wanataka kima wao wasibughudhiwe, waongoza watalii wanataka miti mirefu yenye ndege, wafugaji nyuki wanataka maua, na serikali inataka eneo lenye miti nchini liongezeke. Kila mmoja ana hoja. Nyaraka za usimamizi huziorodhesha hoja hizo moja baada ya nyingine, kana kwamba hekta moja inaweza kuzitimiza zote kwa mkupuo. Mimi naona dai moja katika orodha hiyo ndilo linaloamua hatima ya mengine yote, nalo ni kuni. Na jibu la kuni halipatikani ndani ya msitu. Linapatikana shambani, kwenye ua wa boma, na linahusu nani ana ruhusa ya kukata mti upi.

Mahali penyewe kwanza. Ukitoka Kisumu kwenda kaskazini kwa kilomita hamsini hivi unafika mji wa Kakamega, na mashariki ya mji huo ndiko msitu uliko. Wanasayansi huuhesabu kuwa kipande cha mashariki kabisa cha misitu ya mvua ya aina ile ya Kongo na Afrika Magharibi, na Kenya haina mwingine wa aina hiyo wenye ukubwa wa maana. Mvua hufika milimita 2,000 hivi kwa mwaka. Mto Isiukhu unapita ndani yake ukienda kuungana na Nzoia, na Mto Yala unapita upande wa kusini. Humo wamo mbega, kima, hondohondo, na spishi zaidi ya 300 za ndege. Nje ya mpaka, hatua chache tu kutoka mti wa mwisho, mashamba yanaanza: mahindi, maharagwe, chai, miwa, migomba. Sensa ya 2019 iliipa Kaunti ya Kakamega watu 1,867,579, wastani wa watu 618 kwa kila kilomita ya mraba. Vihiga, jirani wa kusini, inapita 1,000. Mashamba ya huko yamegawanywa kwa wana na wajukuu hadi mengine hayafiki ekari moja.

Msitu ulitangazwa rasmi mwaka 1933, wakati ambapo homa ya dhahabu ya Kakamega ilikuwa imepamba moto na migodi ilikuwa ikila miti kwa nguzo na kwa moto. Serikali ya kikoloni ilikata mbao, kisha ikapanda: misonobari na saiprasi sehemu nyingine, na sehemu nyingine miti ya papa hapa kama mutere na shikhuma. Mwaka 1967 maeneo ya Isecheno na Yala yalitengwa kuwa hifadhi za viumbe asilia ndani ya msitu. Katikati ya miaka ya 1980 upande wa kaskazini, Buyangu pamoja na kipande cha Kisere, uligeuzwa kuwa Hifadhi ya Taifa ya Kakamega, yenye ukubwa wa kilomita za mraba 44 hivi. Leo upande huo unasimamiwa na shirika la wanyamapori, KWS, na sehemu kubwa iliyobaki iko chini ya shirika la misitu, KFS.

Hapo ndipo kisa kinapopata uzito, maana msitu ni mmoja lakini sheria ni mbili. Ukienda Buyangu kwa barabara ya Webuye unakuta lango, tiketi, na marufuku ya kutoa chochote. Ukipitia Khayega na Shinyalu hadi Isecheno unakuta vibali: kuni kavu kwa kibali cha mwezi, malisho kwa kibali, nyasi za kuezekea, na kadhalika. Watu wa pande hizi mbili ni walewale, wanapika chakula kilekile, kwa mafiga yaleyale matatu.

Mwaka 2006 watafiti waliokuwa wakifanya kazi chini ya mradi wa Kijerumani wa BIOTA walichapisha tathmini ya msitu mzima. Walipima uharibifu kwa vitu vinavyoonekana, visiki vya miti iliyokatwa vikiwa mojawapo. Dalili za ukataji zilikuwako kila pande, ila zilikuwa chache zaidi upande wa KWS kuliko upande wa idara ya misitu. Wengi waliosoma matokeo hayo walifikia uamuzi wa haraka kwamba marufuku inafanya kazi na vibali havifanyi, basi msitu wote ufungwe.

Sikubaliani na uamuzi huo, ingawa takwimu yenyewe sina ugomvi nayo. Familia iliyonyimwa kuni Buyangu haiachi kupika. Inatafuta kwingine: kipande cha msitu kisicho na ulinzi mkali, ukingo wa mto, mti wa jirani, au inaingia usiku. Kufunga upande mmoja wa msitu mmoja hupima vizuri nguvu ya ulinzi wa upande huo. Hakupimi kama mahitaji yamepungua. Ukifunga pande zote bila kugusa jikoni, unachopata ni mahitaji yaleyale yaliyobanwa dhidi ya uzio, na askari wanaogombana kila siku na wanawake wa umri wa mama zao.

Sasa tuutazame mzigo wa kuni wenyewe. Mama wa Isecheno hutoka asubuhi na wenzake, panga mkononi, kamba kiunoni. Anachokusanya ni fito kavu za unene wa mkono na matawi yaliyoanguka. Akipata gogo la kupasuka, anashukuru. Anazilaza fito kwa urefu, anafunga sehemu mbili, anakunja leso kuukuu kuwa ngata, kisha mwenzake anamtwika, kwa sababu uzito ule mtu hawezi kujitwika peke yake. Ukimuuliza utadumu siku ngapi, atakuambia hutegemea kinachochemshwa. Ugali na mboga huenda haraka. Maharagwe makavu yanakula kuni. Kwa familia kubwa inayopika kwa mafiga ya wazi, mzigo ule haumalizi wiki.

Kibali kinasema kuni kavu tu, na kwa maandishi sharti hilo halina kosa. Mti umekufa, mama anauchukua, msitu haupotezi kitu. Hali halisi ina mambo mawili yanayokwenda kinyume na hilo.

La kwanza ni kwamba sharti la mti mkavu hutengeneza miti mikavu. Mti ukichunwa gome kuzunguka shina, chakula hakishuki tena mizizini, na baada ya muda unasimama umekauka, halali kabisa kuchukuliwa. Si kina mama wanaofanya hivyo kwa wingi; kazi hiyo inahitaji muda na mara nyingi ni ya wanaume wanaotafuta kuni za kuuza mjini au za kuchoma makaa. Lakini kibali hakiwezi kutofautisha mti uliokufa na mti uliouawa.

La pili linanisumbua zaidi, kwa sababu hutokea hata pale ambapo kila mtu ni mwaminifu. Mti mkavu una wakazi. Hondohondo jike hutagia ndani ya shimo la mti mkubwa, mlango ukazibwa hadi ubaki ufa mwembamba wa kupitishia chakula, na shimo la ukubwa huo hupatikana kwenye miti ya kale iliyoanza kuoza ndani. Nyuki wa asali hukaa kwenye mashimo ya namna hiyohiyo. Nyuki wadogo wasiouma, wale ambao asali yao wazee wa Kakamega huitumia kama dawa na ambao icipe, kituo cha utafiti wa wadudu, imewafanyia utafiti wa kuwafuga, nao hukaa ndani ya vigogo. Na yule nyuki mkubwa mweusi anayetoboa mbao kavu, anayevuma darini mwa nyumba ya mabati, hawezi kuzaa bila mti uliokufa. Ukisomba kila kipande kikavu kwenye ukanda wa karibu na vijiji, msitu unabaki kijani ukiutazama kutoka barabarani huku viumbe wanaotegemea miti iliyokufa wakipungua kimyakimya.

Mkulima anayehusika na nyuki hao si wa mbali. Muo Kasina na wenzake walichunguza mashamba madogo ya Kakamega wakitumia takwimu za mavuno ya mwaka 2005, wakachapisha matokeo mwaka 2009. Walichukua mazao manane yanayochavushwa na wadudu, miongoni mwake maharagwe, kunde, pojo, nyanya, pilipili hoho, pasheni, alizeti na njugu mawe. Wakakuta kwamba karibu asilimia 40 ya thamani ya mazao hayo kwa mwaka ilitokana na kazi ya nyuki. Mahindi hayamo kwa sababu huchavushwa na upepo, na miwa haihitaji mdudu yeyote kwa mavuno yake.

Tazama orodha hiyo ya mazao tena. Mahindi ya kuuza na miwa ni mazao ambayo kwa kawaida mwanamume ndiye mwenye sauti juu yake. Maharagwe, kunde na njugu mawe ni mazao ya mama. Ndiyo yanayolisha watoto na kuleta pesa ndogo za soko la Khayega. Basi mwanamke yule anayefuta makazi ya nyuki kwa mzigo wa kuni ndiye huyohuyo anayepoteza maharagwe. Faida mbili za msitu zinagongana ndani ya nyumba moja, mikononi mwa mtu mmoja, na hakuna aliyemuuliza angechagua ipi. Kusema kweli hajawahi kupewa nafasi ya kuchagua, kwa sababu chakula cha jioni kinapikwa leo na ua la kunde linafunguka mwezi ujao.

Kwa nini basi anakwenda msituni, wakati mashamba ya Kakamega yana miti? Swali hili lina jibu zuri kuliko yote niliyowahi kukutana nayo kuhusu misitu ya magharibi mwa Kenya, na limekaa kwenye makabati tangu miaka ya 1980.

Mapema katika miaka hiyo Wizara ya Nishati, kwa fedha za Uholanzi na kwa ushirikiano na Taasisi ya Beijer ya Sweden, ilianzisha mradi wa kuni katika Wilaya ya Kakamega, ambayo wakati huo bado ilikuwa na Vihiga ndani yake. Hofu ilikuwa kwamba watu wamezidi na miti imekwisha. Picha za angani zikaonyesha kingine kabisa: mashamba yalikuwa na miti mingi, na penye watu wengi zaidi ndipo penye miti mingi zaidi, kwa sababu watu wanapobanana hupanda ua, hupanda mpaka, hupanda shamba dogo la mikaratusi. Noel Chavangi na wenzake waliokwenda vijijini kuuliza ndio waliofumbua fumbo. Miti ilikuwapo, lakini ilikuwa ya wanaume. Mkaratusi ni nguzo, ni karo ya shule, ni jeneza siku ya msiba. Haukatwi kwa ajili ya sufuria ya maharagwe. Mwanamke kuupanda mti ilikuwa mwiko. Wengine walisema atakuwa tasa, wengine walisema mumewe atakufa. Chini ya mwiko huo kulikuwa na jambo la ardhi: kupanda mti ni kuweka alama ya umiliki, na mke hakutarajiwa kuweka alama kwenye ardhi ya ukoo wa mume.

Kwa hiyo nyumba ingeweza kuzungukwa na miti na mama akaenda msituni kutafuta kuni.

Walichofanya watu wa mradi ule nakiheshimu sana. Hawakuhubiri dhidi ya mwiko. Walileta mimea inayokua haraka, kaliandra na sesbania zikiwamo, ambayo machoni pa watu haikuhesabiwa kuwa miti. Ni vichaka. Haviwi nguzo wala mbao, kwa hiyo havina ugomvi na mwenye shamba. Mwanamke anaweza kuvipanda kwenye ua au kando ya matuta, akavikata na vikachipua tena, akapata fito kavu za unene uleule anaoufuata Isecheno. Majani analisha mbuzi na ng'ombe wa maziwa, maua yanaliwa na nyuki, na mizizi yake inaongeza naitrojeni udongoni. Kaliandra imeenea magharibi mwa Kenya hadi leo, ingawa siku hizi inajulikana zaidi kama lishe ya mifugo kuliko kama kuni.

Ninapodai kwamba usimamizi wa faida nyingi za Msitu wa Kakamega unaanzia nje ya msitu, ushahidi wangu ndio huo. Kichaka cha kaliandra kilichopandwa na mama kwenye ua wake kinalinda shimo la hondohondo, kwa sababu kinapunguza sababu ya kulifuata gogo lile. Sheria za msitu, hata zikiandikwa vizuri namna gani, hazina njia nyingine ya kufika kwenye sababu hiyo.

Kuna mfano mwingine unaofanana na huo. Mukombero, mzizi unaotafunwa na kuuzwa kwenye stendi kutoka Kakamega hadi Nairobi, ulikuwa ukichimbwa msituni, na ukichimba mzizi umeua mmea. Kikundi cha wakulima cha Muliru, kilicho pembeni mwa msitu, kilianza kuupanda shambani, na pia kikalima mmea wa jamii ya mrihani wenye harufu ya kafuri, ambao kwa msaada wa icipe hutolewa mafuta na kutengenezwa dawa ya kupaka ya Naturub. Mwaka 2010 kikundi hicho kilipata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Dawa ya msitu iliendelea kupatikana, kipato kikaongezeka, na shinikizo likahamia kwenye shamba ambako mmea unaweza kupandwa upya. Mwiritsa, ambao gome lake husafirishwa kwa dawa za tezi dume na ambao biashara yake ya kimataifa imewekewa masharti tangu 1995, unahitaji njia hiyohiyo, ila ni mti wa miaka mingi na mkulima wa ekari moja hawezi kusubiri bila kusaidiwa.

Turudi ndani ya msitu, kwa sababu hata kuni zikipungua bado swali la nani apate nini wapi litabaki. Hapa nasimama na wale wanaosema kila sehemu ipewe kazi yake kuu.

Msitu wa kale wa Isecheno, Yala na Kisere una kazi ambayo hakuna sehemu nyingine inayoweza kuifanya. Kima wa Isecheno wamefuatiliwa na watafiti tangu 1979, familia kwa familia, na kumbukumbu ya urefu huo ni adimu duniani. Kima wa aina ya De Brazza wa Kisere wamebaki kwenye kipande kidogo mno. Humo zisitoke hata kuni kavu, na hata watalii wafuate njia. Ni eneo dogo, na gharama ya kulifunga inabebeka ikiwa sehemu nyingine zinatoa.

Mashamba ya zamani ya miti ya kienyeji yanafundisha jambo ambalo wasimamizi wengi bado hawajalichukulia kwa uzito. Miti iliyopandwa miaka mingi iliyopita kwa ajili ya mbao imeachwa ikakua, ndege na kima wakaleta mbegu kutoka msitu wa jirani, na chini ya miti ile msitu mwingine umeota. Kwa mtu asiyejua historia, sehemu hizo zinafanana na msitu wa asili, na kima wanazitumia. Hapo panaweza kutoka mbao chache kwa mpango, mti mmoja mmoja, pakaendelea kuwa makazi ya wanyama na kushika maji. Mashamba ya misonobari na saiprasi yatoe mbao kwa wingi, na wala tusiyaombe yawe kitu kingine. Lakini yanapopunguzwa na kukatwa matawi, zile fito na matawi ziende kwanza kwa wanawake wa vijiji vya jirani kwa bei ya kibali chao, kabla lori halijaingia. Marufuku ya ukataji iliyotangazwa Februari 2018, ambayo Rais Ruto alitangaza kuiondoa Julai 2023, iliwafanya watu wengi wafikiri kwamba kulinda ni kutokata mahali popote. Shamba la saiprasi lililoiva likikaa bila kukatwa halimlindi hondohondo.

Mapera nayo yana hadithi yake. Mpera ni mgeni kutoka Amerika, umevamia malisho na mashamba yaliyoachwa, na ukimuuliza askari wa msitu atakuambia ni kero. Utafiti uliochapishwa mwaka 2008 kutoka mashamba ya pembeni mwa msitu huu ulikuta kwamba ndege wanaokuja kula mapera huacha mbegu za miti ya msitu chini yake, na miche ya msitu huota hapo. Kwa hiyo mpera ulioko karibu na msitu unaweza kuachwa ufanye kazi hiyo kwa miaka kadhaa, kisha ukatwe kuwa kuni pale miche ya kienyeji inapoupita kimo. Kuni za mpera ni nzuri sana, kila mpishi anajua. Hapa kwa mara moja faida mbili hazigongani, zinafuatana kwa zamu, na naona ajabu kwamba jambo hili halijafanywa kuwa kazi rasmi yenye malipo kwa vikundi vya vijana.

Mbuga ndogo za nyasi ndani ya msitu zinahitaji ng'ombe kiasi, la sivyo vichaka vinaziba. Ng'ombe wakizidi, miche ya pembezoni inakanyagwa. Ukanda wa chai ya Nyayo, yaani chai ya serikali, uliopandwa mpakani kuanzia 1986 umesaidia kuonyesha mpaka uko wapi, ingawa chai ile ilichukua ardhi iliyokuwa ya msitu na ajira zake ni chache kuliko zilivyohitajika.

Kuhusu maji nitasema machache. Msitu huu unatuliza Isiukhu na vijito vyake: mvua kubwa huingia udongoni badala ya kuteremka na matope, na kijito huendelea kutiririka Januari. Lakini mafuriko ya Budalang'i huko chini ya Nzoia hayatazuiwa na Kakamega peke yake, maana Nzoia inakusanya maji yake kutoka Cherangani na Mlima Elgon. Tusiupe msitu sifa ambazo hauwezi kuzitimiza, kwa sababu siku Budalang'i itakapofurika tena watu watauliza ulinzi wote ule ulikuwa wa nini.

Mamlaka iko kwenye karatasi. Sheria ya Misitu ya 2005, na kisha ile ya 2016, zilizipa jamii haki ya kuunda vyama vya misitu na kutia saini makubaliano na KFS kuhusu kuni, asali, dawa, malisho na utalii. Msitu huu pia ulipata mpango wa pamoja wa KWS na KFS wa 2012 hadi 2022. Ni hatua kubwa ukilinganisha na enzi ya kufukuzana. Tatizo ninaloliona ni kwamba mikutano ya vyama hujaa wenye nafasi ya kukaa mkutanoni mchana, na mama wa kuni hana nafasi hiyo kwa sababu saa hizo yuko msituni. Anawakilishwa na mumewe, ambaye ndiye mwenye mikaratusi.

Ningeandika mpango unaofuata wa msitu huu, ningeanza na kibali cha kuni. Kingeruhusu matawi yaliyoanguka na fito zisizozidi unene wa kifundo cha mkono, na kingeacha kila mti mkavu uliosimama na kila gogo nene lenye shimo. Wakaguzi wangekuwa wanawake wenye vibali wenyewe, wakilipwa kutokana na ada za vibali, maana wao ndio wanaojua nani anachuna magome na njia gani lori la usiku hupita. Kila mwenye kibali angepewa bure miche ya kaliandra na sesbania kila msimu wa mvua ndefu, pamoja na jiko la udongo la Upesi, ambalo vikundi vya wanawake wafinyanzi wa magharibi mwa Kenya wamelitengeneza kwa miaka mingi na linatumia kuni chache kuliko mafiga. Makubaliano ya chama cha msitu yangetiwa saini na mume na mke kwa kila boma linaloomba haki ya kutumia msitu, na ndani yake mume angekubali kwa maandishi sehemu ya ua ambayo mke anaweza kukata bila kuomba ruhusa.

Sharti hilo la mwisho litapingwa kuliko yote, na wazee wa Isukha na Idakho wana haki ya kulijadili kwa kina. Wasaidizi wa chifu wamezoea kuwakutanisha watu kuhusu mipaka ya mashamba. Wanaweza kuwakutanisha kuhusu ua wa mita ishirini. Na kila mwaka KFS na chama wangehesabu nyumba za mpakani zinazopata angalau nusu ya kuni zao nyumbani, kijiji kwa kijiji, kisha waitangaze hesabu hiyo kwenye baraza pamoja na idadi ya visiki vipya, kabla ya kuamua kama kuna sehemu nyingine ya msitu inayoweza kufungwa.